Akiba ya binti: ada ya chuo au gharama za harusi?

Mtoto wa kike anapozaliwa, wapo wazazi wanaowaza harusi yake kabla ya ada ya shule. Nchini India mawazo hayo yamegharimu maisha. Sensa ya mwaka 2011 ilionyesha kuwa katika Jimbo la Haryana kulikuwa na wasichana 834 tu kwa kila wavulana 1,000 wenye umri usiozidi miaka sita. Sababu mojawapo ni mimba kutolewa wazazi wakishajua kuwa mtoto ni wa kike.

Januari 2015, Serikali ilizindua mpango wa akiba wa Sukanya Samriddhi mjini Panipat, katika jimbo hilohilo. Mzazi hufungua akaunti posta au benki kabla binti hajatimiza miaka 10. Huweka kuanzia rupia 250 hadi 150,000 kwa mwaka, kwa miaka 15, na riba yake haikatwi kodi.

Binti akifikisha miaka 18, akaunti inakuwa mikononi mwake. Anaweza kutoa hadi nusu ya akiba kulipia masomo.

Hata hivyo, kanuni zinaruhusu pia akaunti kufungwa anapoolewa baada ya umri huo. Fedha zilezile zinaweza kuishia chuoni au kwenye sherehe. Na familia inayoweka kidogo, huvuna kidogo.

Kwa hiyo mzazi, popote unapoweka akiba, mwambie binti yako mapema kuwa fedha hizo ni za shule. Akijua, ataweza kuzitetea.