TABIBU ASIYE WA IMANI YAKO

Leo tutafakari swali ambalo Wakristo wengi huliuliza kwa siri. Mtu akishikwa na huzuni nzito, asipate usingizi wala hamu ya chakula, kisha akashauriwa aende kwa tabibu anayetibu kwa mazungumzo, je, ni lazima tabibu huyo awe mwamini mwenzake?

Swali hili si dogo. Wako wanaokaa na ugonjwa nyumbani mpaka ukawazidi, kwa kuogopa kwamba tabibu ataidharau imani yao.

Ni kweli, imani moja ni msaada. Ukitaja toba au maombi, mwenzako huelewa upesi. Lakini pana hatari pia. Mgonjwa aweza kuficha uchungu alio nao juu ya Mungu, asije akaonekana amerudi nyuma. Naye tabibu aweza kudhani amekwisha kuelewa, asiulize zaidi.

Mwaka 1992, huko Marekani, Rebecca Propst na wenzake walitoa habari za uchunguzi juu ya watu wa dini 59 waliougua huzuni. Baadhi yao walitibiwa kwa njia iliyotumia imani yao. Kwa mfano, walifundishwa kumwona Kristo mawazoni akiwa karibu nao katika jambo lililowaogofya. Matabibu wengine walikuwa na dini, wengine hawakuwa nayo. Ajabu ni kwamba, katika njia hiyo, waliotibiwa na matabibu wasio na dini ndio waliopata nafuu kubwa. Wagonjwa walikuwa wachache, na uchunguzi mmoja haumalizi maneno. Lakini twaona kwamba tabibu aweza kuiheshimu imani ya mgonjwa hata kama si yake.

Mkumbuke yule aliyepigwa katika njia ya Yeriko, Luka sura ya 10. Kuhani na Mlawi, watu wa dini yake, walipita kando. Msamaria ndiye aliyemfunga jeraha.

Basi ukienda kwa tabibu, mwambie mapema kwamba wewe ni Mkristo na kwamba imani ni nguzo yako. Akikudharau, tafuta mwingine. Akikusikiliza kwa heshima, usimkatae. Nasi kanisani tusimwambie mgonjwa kwamba amekosa imani, bali tumsindikize huku tukimwombea.

Bwana akupe amani. Amina.