Je, Wajua? Nywele za Kwapa Darasa la Pili

Je, wajua kwamba mtoto huota nywele mwili mzima kabla hata hajazaliwa? Kuanzia mwezi wa tano hivi wa mimba, mtoto hufunikwa na malaika laini, na mengi hudondoka humo humo tumboni. Anayezaliwa kabla ya siku zake huja nayo mabegani na mgongoni, yakawatia hofu bibi na shangazi, kisha hupukutika yenyewe baada ya wiki chache. Hayahitaji kusuguliwa na kitu chochote.

Je, wajua kwamba baada ya kuzaliwa mwili hauongezi hata kinyweleo kimoja? Vyote, takriban milioni 5, viliumbwa tumboni. Kinachobadilika ni unene na rangi ya kile kinachochomoza. Homoni zikifika, laika lile lile lisiloonekana kwapani hugeuka kuwa unywele mweusi. Mama anayesema "juzi nilipomwogesha hazikuwepo" hasemi uongo, ila zilikuwepo, hazikuwa na rangi tu.

Je, wajua kwamba nywele na matiti havitokani na amri moja? Hapa ndipo wazazi wengi wanapochanganyikiwa, kwa hiyo tukae kidogo. Nywele za kwapa na za sehemu za siri huletwa zaidi na tezi za adrenali, zile zilizokaa juu ya figo. Kati ya miaka 6 na 8, bila mtoto kuhisi lolote, tabaka moja la tezi hizo huanza kutoa homoni dhaifu za kiume, kwa wasichana na kwa wavulana. Mama huzitambua kwa pua kabla ya macho: mtoto aliyekuwa akinuka sabuni na vumbi la mchezo anaanza kutoa kikwapa cha mtu mzima. Kisha nywele za kichwani zinapata mafuta, kachunusi kamoja kanatokea puani, halafu ndiyo nywele zenyewe. Matiti, hedhi na kukua kwa korodani ni habari nyingine kabisa. Hayo huamriwa na ubongo, kupitia tezi ya pituitari, hadi kwenye ovari au korodani. Adrenali zinaweza kuwahi wakati ubongo bado haujatoa amri yoyote. Mtoto wa namna hiyo hajabalehe, hata kama jirani ameshatangaza mtaa mzima.

Je, wajua mpaka uko wapi? Madaktari wengi huhesabu kuwa nywele zimewahi zikitokea kabla ya miaka 8 kwa msichana na kabla ya miaka 9 kwa mvulana. Hali hii huwapata zaidi wasichana, na huonekana zaidi kwa watoto wenye uzito uliozidi na kwa waliozaliwa wadogo kuliko umri wao wa tumboni. Mara nyingi haihitaji dawa yoyote. Inahitaji kufuatiliwa, kwa sababu wachache kati yao wana tatizo lililojificha nyuma ya nywele hizo.

Wanyama wengi hawana kabisa hatua hii ya adrenali kuanza kabla ya kubalehe. Sokwe anayo.

Je, wajua kwamba nywele hazithibitishi kuwa mtoto amechezewa? Hili lisemwe wazi, maana limevunja nyumba. Kuchezewa hakuoteshi nywele. Kumkalisha binti wa miaka 7 kitandani na kumhoji "nani amekugusa?" kwa sababu ya nywele tatu ni kumpa jeraha ambalo hakuwa nalo. Kama kuna sababu nyingine ya kushuku, hilo ni jambo zito la kushughulikiwa kwa njia zake, hospitalini na kwa watu wa ustawi wa jamii. Nywele si ushahidi.

Na kuku wa kisasa je? Huyu amesingiziwa kwamba homoni zake huwakomaza watoto mapema. Kukua kwake haraka kunatokana na uteuzi wa mbegu kwa vizazi vingi, pamoja na chakula kizito na kulala bila shughuli. Homoni ya ukuaji ni protini: ukiila, tumbo linaimeng'enya kama nyama nyingine yoyote. Marekani yenyewe ilikwisha kuondoa homoni kwenye ufugaji wa kuku tangu miaka ya 1950. Ukitaka kulaumu kitu cha mezani, anza na soda na chipsi za kila siku, kwa sababu unene wa mtoto una uhusiano wa kweli na mabadiliko ya mapema. Paja la kuku halina kesi.

Je, wajua kwamba hatari nyingine iko kwenye kabati la baba? Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liwekwe kwenye jeli za testosteroni zinazopakwa na wanaume. Watoto waliokumbatiwa na baba aliyejipaka walianza kuota nywele za sehemu za siri, sehemu zao za siri zikakua, mifupa ikakomaa kabla ya wakati, na wengine wakawa wagomvi. Wengi walipata nafuu jeli ilipowekwa mbali nao, ingawa si kila kilichobadilika kilirudi kama zamani.

Kisa cha Hispania mwaka 2019 kilikuwa kikubwa zaidi. Watoto zaidi ya 15, wengi wao wachanga, waliota nywele paji la uso, mashavuni, mikononi na miguuni. Walikuwa wakinywa dawa ya kiungulia, omeprazoli, lakini malighafi iliyofika kwenye maduka ya dawa ilikuwa imechanganyikana na minoksidili, dawa inayopakwa kichwani na wenye upara. Walipoacha kuinywa, nywele zikaondoka. Minoksidili hiyo hiyo imo kwenye baadhi ya mafuta ya kuotesha ndevu yanayouzwa mitandaoni. Ukijipaka, nawa mikono kabla ya kumbeba mtoto, wala usimlaze shavu kwa shavu.

Je, wajua kwamba kunyoa hakunenepeshi nywele? Mildred Trotter, mtaalamu wa anatomia wa Marekani, alilichunguza hilo na kuchapisha jibu mwaka 1928: wembe haubadilishi unene wala kasi. Ncha iliyokatwa huwa butu, ndiyo maana inachoma mkononi. Kwetu Mwambao, anayemnyoa mtoto siku ya akika anafuata sunna, na hiyo ni sababu tosha. Nywele nzito zitakuja au hazitakuja kulingana na ukoo.

Je, wajua kwamba protini moja inayoamsha ubongo kuanza balehe ilipewa jina kwa heshima ya chokoleti? Inaitwa kispeptini. Jeni yake iligunduliwa mwaka 1996 katika mji wa Hershey, Pennsylvania, zinakotengenezwa chokoleti za Hershey's Kisses. Kazi yake katika balehe ilijulikana mwaka 2003. Wanasayansi nao wana utani wao.

Mwaka 1997 Marcia Herman-Giddens na wenzake walichapisha uchunguzi wa wasichana 17,077 nchini Marekani. Nywele za sehemu za siri zilianza kwa wastani miaka 8.8 kwa wasichana weusi na 10.5 kwa weupe. Kulizuka mjadala mkali: je, mpaka wa miaka 8 ushushwe? Wengine walitaka ushuke, wengine wakaogopa kwamba mtoto mwenye ugonjwa ataambiwa ni wa kawaida. Mimi niko na hao wa pili.

Je, wajua daktari anatafuta nini? Kwa mvulana, anaweza kutoa kamba yenye shanga 12 za umbo la yai, ndogo hadi kubwa, kama tasbihi ya mtu asiyejua kuchagua shanga. Ilibuniwa na Andrea Prader wa Zurich, Uswisi, na ni ya kulinganishia ukubwa wa korodani, mililita 1 hadi 25. Zikifika 4, balehe yenyewe imeanza. Nywele zipo lakini korodani bado ndogo? Basi homoni inatoka kwenye adrenali, au nje ya mwili, na maswali yanahamia huko. Kwa msichana, anabonyeza taratibu chini ya chuchu kutofautisha mafuta ya mwili na kidonge kigumu cha titi linaloanza. Kisha huja picha ya eksirei ya mkono wa kushoto, inayoonyesha mifupa ina umri gani. Mtoto wa miaka 6 mwenye mifupa ya miaka 9 atakuwa mrefu darasani leo, halafu huenda akasimama mapema na kuishia mfupi kuliko wenzake.

Ugonjwa unaotafutwa zaidi kwenye adrenali ni wa kurithi, pale kimeng'enya kimoja kinapopungua na tezi ikamwaga homoni za kiume kupita kiasi. Hutibiwa kwa vidonge vya haidrokotisoni. Balehe halisi iliyowahi kupitia ubongo huzuiwa kwa sindano, za kila mwezi au kila miezi mitatu. Kwa wasichana wengi wa kundi hilo sababu haipatikani. Kwa wavulana, tatizo ndani ya ubongo hupatikana mara nyingi zaidi, kwa hiyo mvulana asicheleweshwe. Wataalamu wa homoni za watoto ni wachache kwetu, lakini tangu 2008 Nairobi imekuwa ikiwafundisha madaktari wa nchi mbalimbali za Afrika, kwa hiyo omba rufaa.

Nenda haraka kama mtoto hajafika umri wa mpaka, kama nywele zinaongezeka kila mwezi, kama matiti au korodani zinakua pamoja nazo, au kama anarefuka zaidi ya zile sentimita 5 au 6 za kawaida kwa mwaka. Beba kadi yake ya kliniki, vipimo vya urefu ulivyowahi kuandika hata kama ni alama za ukutani, na kila kopo la mafuta, krimu na jeli linalotumika nyumbani, la baba likiwemo. Na usimnyoe kabla ya kumpeleka: daktari anahitaji kuziona.