"Ilijifunga" au "Hujifunga"? Viambishi vya Kitenzi katika Kuripoti Hitilafu za Programu za Grafu

Programu za kuchorea grafu ni nyenzo muhimu ya kufundishia hisabati. Miongoni mwazo ni GeoGebra, ambayo Markus Hohenwarter alianza kuiunda mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Programu yoyote ya aina hii inapojifunga ghafla mbele ya darasa huko Njoro, karibu na Nakuru, fundi aliye ng'ambo haioni tarakilishi ya mwalimu. Anachopata ni maneno tu. Kwa hivyo, ripoti ya hitilafu ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la hisabati.

Ripoti isemayo "Programu imeharibika" haimfai fundi. Haibainishi iwapo programu ilikwama, yaani dirisha lilibaki bila kuitikia kipanya, au ilijifunga na dirisha likatoweka. Wala haiondoi uwezekano kwamba umeme ndio uliopotea. Linganisha na mfano huu wa kubuni: "Nilichora y = tan x, nikaongeza kitelezi, nikakuza mchoro, programu ikajifunga." Kiambishi -ka- kimehifadhi mfuatano wa matendo, na fundi anaweza kuufuata hatua kwa hatua.

Hata hivyo, -li- na -ka- hapa vinasimulia tukio moja tu. Ili kuthibitisha kwamba hitilafu hujirudia, mwalimu hana budi kuanza na faili tupu, kurudia hatua zilezile, kisha kuziondoa mojamoja. Programu ikijifunga hata bila kitelezi, kitelezi hakina hatia. Isipojifunga mchoro usipokuzwa, chanzo kimekaribiwa. Hapo ndipo anapopata haki ya kuandika: "Ukichora y = tan x na kukuza mchoro, programu hujifunga."

Kiambishi hu- ni dai zito: kwamba yeyote atakayefuata hatua hizo, Njoro au Salzburg, atapata matokeo yaleyale. Ikiwa hitilafu hutokea mara tatu katika majaribio kumi, idadi hiyo itajwe. Aidha, ripoti itaje toleo la programu na mfumo endeshi, na iambatane na faili yenyewe.

Hata ripoti ikitafsiriwa baadaye, tofauti kati ya "ilijifunga" na "hujifunga" haina budi kubaki. Ikipotea, fundi hatajua la kutafuta, na darasa la muhula ujao litakumbana na hitilafu ileile. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea kuchambua viambishi katika riwaya ana ujuzi unaohitajika pia katika maabara ya tarakilishi.