Wasaidizi wa Mdiria

Likizo ikikaribia, wanangu, nasikia mnaulizana nani atapelekwa Zanzibar. Kule kuna bahari, sikatai. Lakini Kagera nako kuna visiwa, kuna fukwe, na kuna ndege. Simama ufukweni Bukoba, utakiona kisiwa cha Musira mbele yako, mwamba mkubwa uliochomoza majini. Shuka kusini mpaka wilaya ya Muleba, utakuta vingine: Bumbire, Goziba, Kerebe, Ikuza. Ziwa lenyewe, Victoria, lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Hakuna jingine kubwa kama hilo Afrika nzima.

Twendeni Musira basi. Tuondoke alfajiri, kabla upepo haujachafua maji, na kila mmoja avae jaketi la kuokolea, hata yule aliyezaliwa mwaloni. Wazee wa Bukoba husimulia kwamba zamani, enzi za watawala wa Kihaya, kisiwa hiki kilikuwa gereza, na waliokosea walipelekwa huko na kuachwa. Leo ni makazi ya wavuvi.

Boti ikikaribia, tazameni mwambani. Yule mweusi aliyetandaza mabawa ni mnandi. Hatishi mtu, anajianika. Manyoya yake hulowa maji kuliko ya bata, na kwa kuwa hulowa, huzama kwa urahisi akawafuata samaki chini. Akitoka lazima ajikaushe. Juu ya mti yuko furukombe, kichwa na kifua cheupe, tumbo la rangi ya damu ya mzee. Akilia hutupa kichwa nyuma, na mara nyingi mwenzake humwitikia papo hapo. Nyayo zake zina miiba midogo ya kumshikilia samaki anayeteleza.

Hao wanapendeza, lakini mimi nimewaleteni kumwona mwingine, mdogo, ambaye wengi humpita bila kumtazama: mdiria wa madoa meusi na meupe. Muangalieni pale juu ya maji. Amesimama hewani! Mabawa yanapiga kasi, mdomo umeelekea chini, kichwa hakitikisiki. Ghafla anajitupa, chubwi, anaibuka na dagaa. Ndege wachache sana wa ukubwa wake wanaweza kusimama hewani hivyo pasipo upepo wa kuwabeba. Na kwa kuwa anaweza kumeza samaki mdogo akiwa anaruka, hahitaji kurudi tawini kila mara, kwa hiyo huvua mbali na nchi kavu. Mkitaka kujua dume na jike, hesabuni mikanda myeusi kifuani: dume ana miwili, jike ana mmoja tu, tena umekatika katikati.

Sasa sogeeni, hapa ndipo hadithi ilipo. Mdiria hujenga nyumba yake kwa kuchimba shimo refu kwenye ukingo wa mchanga au udongo, na mara nyingi jozi nyingi huchimba jirani jirani kama mtaa. Mtaalamu mmoja wa ndege, Heinz-Ulrich Reyer, aliwachunguza mdiria hawa nchini Kenya, katika Ziwa Victoria na Ziwa Naivasha, na mwaka 1980 akaandika aliyoyaona. Aligundua kwamba baadhi ya jozi zina wasaidizi, madume wasio na wake, wanaoleta samaki kuwalisha makinda yasiyo yao. Wa kwanza huwa ni kijana wa nyumbani, mtoto wa miaka iliyopita aliyebaki kuwasaidia wazazi kulea wadogo zake. Huyo anakubalika kwenye maziwa yote mawili.

Lakini yuko na wa pili, mgeni kabisa, hana undugu na yeyote pale. Anakuja na samaki mdomoni. Naivasha hufukuzwa. Kwenye ziwa letu, mwanzoni naye hufukuzwa, ila makinda yakishaanguliwa na kudai chakula, mwenye nyumba humwacha aingie. Mnajua kwa nini? Kule samaki wako karibu na wana mwili, wazazi wawili wanatosha. Huku mawimbi ni makali, samaki ni wadogo, na mahali pa kuvua ni mbali. Wazazi peke yao huelemewa, makinda mengine hufa njaa. Mgeni naye ana lake: madume ni wengi kuliko majike, na kwa kulisha makinda anajiweka karibu na jike, huenda mwaka ujao akawa mumewe. Mimi nikifikiri kwamba ndege mmoja, wa aina ileile, hubadili sheria za nyumba yake kulingana na ziwa alilomo, namheshimu sana.

Mchana tukae mchangani, tukiwaangalia yangeyange wakizengea dagaa walioanikwa. Msiingie majini penye matete na konokono, kichocho hukaa huko. Na mkiona moshi mweusi ukipanda katikati ya ziwa, si moto uliowaka: ni visubi wa ziwani, mabilioni, wametoka kwenye tope la chini, na mbayuwayu wanakwenda kula.

Jambo la mwisho. Mji wa Bukoba ulianza kama kituo alichokiweka Emin Pasha mwaka 1890, akiitumikia Ujerumani. Alikuwa daktari, na alipenda ndege mno. Jurawa mmoja mdogo wa Afrika Mashariki ana jina lake katika sayansi, Passer eminibey. Ila zama zile, kumjua ndege kulimaanisha kumuua, kumkausha na kumpeleka Ulaya. Ninyi hamhitaji hilo. Darubini ikiwepo ni vizuri, isipokuwepo macho na daftari vinatosha.

Nawaombeni hili: mkikuta ukingo wa mchanga wenye matundu, msiyazibe wala msiingize kijiti, na mkiona watu wanachimba mchanga hapo wakati wa makinda, waambieni wakubwa wenu. Kipande cha wavu kilichotupwa ufukweni kiokoteni, kwa sababu ndege akinasa hawezi kujinasua. Kisha kaeni kimya, mhesabu ni madume mangapi yanaingia na samaki kwenye tundu moja.