Utangulizi: Jeli ya Matunda kwa Maikrowevu

Anayeingia Thika na kuona mashamba ya Del Monte atadhani somo la jeli huku litaanza na nanasi. Litaanza nalo, ila kwa sababu ya ukaidi wake. Changanya maji ya nanasi bichi na jeli ya pakiti, weka kwenye friji hadi asubuhi: utakuta uji. Nanasi lina kimeng'enya kiitwacho bromelini, kinachokatakata jelatini. La mkebe halina shida hiyo; moto wa kiwandani ulishakiua.

Jeli yetu haina jelatini. Inashikwa na pektini, ambayo Mfaransa Henri Braconnot aliipa jina mwaka 1825. Bromelini haiigusi, lakini nanasi lenyewe lina pektini haba. Kwa hiyo mwanzoni nunua mapera, na yasiwe yameiva yote. Yale ya kijani kidogo ndiyo yenye pektini nyingi. Yachemshe hadi yalainike, yaning'inize kwenye kitambaa usiku kucha, wala usikamue, maana jeli haitakuwa angavu. Kikombe cha maji yake kinataka karibu kikombe cha sukari, na limau. Ukali wa limau huzifanya nyuzi za pektini ziache kusukumana, sukari huzinyang'anya maji, ndipo zinaposhikana.

Maikrowevu hutikisa maji yaliyomo ndani ya chakula, hivyo hakuna kitako cha sufuria cha kuunguza sukari. Pika vikombe viwili tu kwa mara moja, katika bakuli la kioo lenye nafasi mara nne. Povu la jeli inayochemka hupanda ghafla, na kufuta sukari iliyoganda ndani ya maikrowevu ni adhabu.

Vitabu vingi husema jeli iko tayari ikifika nyuzi 105. Niliviamini, nikasubiri, nikapata tofi iliyong'ang'ania kijiko. Hesabu hiyo ni ya Mombasa, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Thika na Ruiru ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na maji huchemka kwa takriban 95. Jeli yetu basi hukamilika karibu na 100.

Huna kipimajoto? Weka kisosi kwenye friza kabla ya kuanza. Toa bakuli, dondosha tone kwenye kisosi, ngoja kidogo, ulisukume kwa kidole. Likitiririka, rudisha bakuli kwa dakika moja. Likijikunja kama ngozi ya maziwa, mimina chupani.