Mifupa Baada ya Kujinyima Chakula: Inavyopungua na Inavyojengwa Upya

Mtahiniwa, mada hii inaunganisha sura tatu ulizosoma mbalimbali: lishe, mifupa na homoni. Wengi hukariri kila sura peke yake, kisha hukwama swali linapozichanganya. Isome kwa utulivu. Huenda ikakufaa hata nje ya chumba cha mtihani.

1. Anoreksia ni nini?

Anoreksia ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ajinyime chakula kwa hofu ya kunenepa, hata akiwa amekonda sana. Si ukaidi wala maringo, na si ugonjwa wa Wazungu peke yao: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wanawake wa Tanzania uliwakuta baadhi yao na dalili za matatizo ya ulaji. Wavulana pia hupatwa. Mtu anaweza kuishi Kyela, penye mchele, ndizi na samaki, na bado mifupa yake ikakosa chakula.

2. Kwa nini mifupa hupungua?

Mfupa ni tishu hai. Seli ziitwazo osteoklasti hubomoa mfupa uliochakaa, na osteoblasti hujenga mpya. Mwili unapokosa chakula kwa muda mrefu, hubana matumizi:

(a) Ubongo hupunguza amri kwenye ovari, hedhi hukatika na estrojeni hushuka. Estrojeni ndiyo huzuia osteoklasti zisibomoe kupita kiasi. Kwa mvulana, testosteroni hushuka.

(b) Kotisoli, homoni ya msongo, hupanda na kudhoofisha kazi ya osteoblasti.

(c) Kalsiamu na protini za kujengea huwa chache. Kumbuka kwamba takribani asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno.

Hivyo ubomoaji huongezeka na ujenzi hupungua kwa wakati mmoja. Hasara ni kubwa zaidi kwa kijana, kwa sababu ujana ndio wakati wa kuweka akiba ya mfupa. Na haiumi: wengine hugundua siku wanapovunjika.

3. Mifupa hujengwaje upya?

*Chakula cha kutosha.* Hii ndiyo tiba ya kwanza. Uzito ukirudi na homoni zikaanza kazi tena, mfupa hupata ruhusa ya kujengwa. Vidonge vya kalsiamu peke yake haviwezi kufanya hivyo. Aliyekaa muda mrefu bila kula vizuri aanzishiwe chakula chini ya uangalizi wa hospitali, kwa maana fosfeti ya damu inaweza kushuka ghafla na kuhatarisha moyo.

*Kalsiamu.* Kijana wa miaka 9 hadi 18 anahitaji takribani miligramu 1,300 kwa siku. Wali una kalsiamu kidogo. Kando ya Ziwa Nyasa kuna usipa, ambao huliwa mzima pamoja na mifupa yake. Hapo ndipo kalsiamu ilipo. Maziwa, fresh au mgando, nayo ni chanzo kizuri. Mchicha una kalsiamu, lakini oksaleti zake huzuia sehemu kubwa isifyonzwe.

*Vitamini D.* Ngozi huitengeneza kwa jua, nayo husaidia utumbo kufyonza kalsiamu.

*Mwendo wa kiasi.* Kutembea kunafaa mgonjwa akisharuhusiwa na daktari. Kukimbia, kuruka na kubeba ndoo nzito kichwani kusubiri, maana mfupa dhaifu huweza kupata ufa.

4. Swali la mfano

Msichana wa miaka 17 anayeishi Matema aliugua anoreksia. Baada ya miezi 8 ya matibabu uzito wake umerudi na anapata hedhi, lakini kipimo kinaonyesha mifupa yake bado ni dhaifu. Shangazi yake anasema matibabu yameshindwa. Je, unakubaliana naye? Toa hoja tatu.

*Jibu:* Sikubaliani naye.
(i) Mfupa hujengwa polepole. Uzito hurudi kwa miezi, mfupa huchukua miaka.
(ii) Kurudi kwa hedhi kunaonyesha kwamba estrojeni imepanda, hivyo ubomoaji unapungua.
(iii) Katika umri wa miaka 17 mwili bado unaweza kuongeza mfupa, ingawa si kila mgonjwa hurudishiwa wote alioupoteza. Akiacha kula sasa, atapoteza hata ule ulioanza kujengwa.

Angalizo: Usiandike "atumie kalsiamu apone" ukaishia hapo. Bila kutaja chakula cha kutosha na homoni, jibu lako lina pengo.

5. Zoezi

1. Tofautisha kazi ya osteoklasti na osteoblasti.
2. Eleza kwa nini minofu ya samaki mkubwa haitoi kalsiamu sawa na usipa mzima.
3. Kwa nini kukatika kwa hedhi kwa msichana anayejinyima chakula ni dalili ya hatari kwa mifupa yake?

Kumbuka: Ikiwa unayoyasoma hapa yanakuhusu wewe au rafiki yako, usisubiri mtihani upite. Zungumza na mzazi, mlezi au mwalimu wa ushauri na unasihi, na mfike kituo cha afya. Mtihani unaweza kurudiwa; miaka ya kuweka akiba ya mfupa hairudi.