Faida iko kwenye rimu, hasara kwenye tairi

Kuanzia Gerezani hadi Ilala, Magomeni na Sinza jijini Dar es Salaam, wauzaji wa vifaa vya magari wanatoa hesabu inayofanana: tairi linazungusha fedha, rimu inaleta faida. Bei ya tairi la saizi ya kawaida kila mtu anaijua, na mteja akipandishiwa kidogo anavuka barabara. Rimu za sport hazina bei ya kufananisha. Mwenye Mark X, Crown, Premio au Allion akishapenda umbo na rangi, nusu ya mjadala wa bei imekwisha.

Matokeo yake ni biashara iliyopinda. Mnunuzi anamaliza bajeti kwenye rimu, kisha anatafuta tairi la bei ya chini kabisa linaloingia humo. Gari ni la kutembelea kila siku, la kwenda kazini na kupeleka watoto shule, lakini kitu pekee kinachogusa lami ndicho kilichonunuliwa kwa chenji.

Mzigo unaingia kwa njia tatu. Kuna rimu za mtumba kutoka Japani, zinazokuja kwenye makontena ya vipuri au zikiwa zimefungwa kwenye magari yenyewe. Kuna mpya kutoka China. Halafu kuna mchanganyiko wa zote unaopitia Dubai na Sharjah. Mtumba wa Kijapani ndio wenye heshima sokoni, na wauzaji hupenda kumwonyesha mteja herufi JWL zilizochorwa ndani ya rimu, alama ya kiwango cha Japani cha rimu za aloi. Tatizo ni kwamba anayeiga umbo la rimu hashindwi kuiga herufi tatu. Kaunta za Kariakoo hazina kipimo cha kutofautisha rimu iliyofuliwa na ile ya kumiminwa kwenye kalibu. Kinachotofautisha ni shimo la kwanza la masika.

Mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo, aliyezungumza kwa sharti la kutotajwa jina kwa kuwa bado ana mzigo bandarini, anasema adui yake si Mchina wala mtumba, bali risiti. Yeye amesajiliwa kwenye kodi ya ongezeko la thamani. Seti ya rimu anayotaka kuiuza shilingi milioni 1, ikiongezwa asilimia 18, inasomeka milioni 1.18. Hatua chache kutoka mlangoni kwake, seti kama hiyo inauzwa milioni 1 kamili, na swali la kwanza mteja analoulizwa ni kama anataka na risiti au bila. Kwa maelezo yake, wateja wanaokwepa risiti si watu wa hali ya chini peke yao. Wapo wanaoshinda ofisini wakihimiza wananchi wadai risiti, ikifika jioni wanakuja kutafuta bei isiyo na risiti.

Lalamiko lake la pili ni dola. Ananunua kwa fedha za kigeni na kuuza kwa shilingi. Dola ilipoadimika mwaka 2023 na kubadilishwa kwa zaidi ya shilingi 2,500, hakuthubutu kupandisha tairi kwa kiwango kilekile, akihofia wateja wangehamia kwenye mtumba. Ongezeko lote akalibebesha rimu. Shilingi ilipopata nguvu tena mwishoni mwa 2024, bei ya rimu haikushuka dukani kwake. Alipoulizwa sababu, alisema mzigo uliokuwepo ulikuwa wa bei ya zamani. Inawezekana. Lakini wafanyabiashara wa mji huu wana mzigo wa zamani kila shilingi inapopanda, na hawana hata mmoja kila inaposhuka.

La tatu linahusu vyeti. Anasema analipia ukaguzi wa matairi huko yanakotoka kabla ya kupakiwa melini, kisha anashindana na matairi ambayo hayajawahi kuonana na mkaguzi. Ofisa mmoja anayeshughulika na ukaguzi wa bidhaa anapinga. Kwa maelezo yake, utaratibu wa kukagua bidhaa nje ya nchi umekuwepo tangu 2012, kila kontena la matairi linatakiwa kufika na cheti cha ubora, na misako madukani inaendelea. Alipotakiwa kutaja idadi ya matairi ya magari madogo yaliyokamatwa madukani, alisema takwimu zipo kwenye ripoti.

Kwenye karatasi ofisa yuko sahihi. Ila cheti kinaeleza hali ya tairi siku lilipoondoka kiwandani au ghalani. Hakijui litakaa muda gani likiwa limepangwa nje ya duka, juani, likipakwa mng'aro kila asubuhi ili lionekane jipya. Umri wake umeandikwa ubavuni, tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wauzaji wanaijua alama hiyo vizuri. Wachache humwonyesha mteja bila kuulizwa.

Kuna mlango mwingine ambao cheti hakiufiki. Magari mengi ya mtumba hufika na matairi yake, na yakitoka mikoa ya baridi ya Japani kama Hokkaido, baadhi hufika na matairi ya theluji. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kushika barabara wakati joto liko karibu na sifuri. Kwenye lami ya Dar es Salaam inayochemka, kashata zake zinalika haraka na gari linachelewa kusimama breki zinapokanyagwa. Bado yanavuliwa, yanapangwa na kuuzwa kama "original Japan", na mara nyingi mnunuzi anayachagua akiacha jipya la China kwa kuamini kwamba mtumba wa Mjapani hauwezi kushindwa.

Kwenye saizi ndiko fedha nyingi zinakopotelea. Mark X nyingi zimekuja na 215/60R16, yenye ubavu wa milimita 129. Anayepanda hadi 235/45R18, saizi ambayo baadhi ya Mark X za kimichezo zilitoka nayo kiwandani, anabaki na ubavu wa karibu milimita 106, na kimo cha gurudumu kinabadilika kwa chini ya asilimia 1. Hapo hesabu inakubali. Anayekimbilia 19 kwa tairi la 245/35 anabaki na milimita 86 za kumtenganisha na shimo.

Lakini tairi linalopatikana kwa bei nafuu kwenye rimu ya 18 mara nyingi ni 225/40, na hilo ndilo mafundi wengi hufunga bila maswali. Gurudumu linapungua kimo kwa takriban asilimia 4. Mshale wa spidi ukisoma 100, gari liko kwenye 96 hivi. Kila kilomita 10,000 zinazohesabiwa kwenye dashibodi, takriban 400 ni za hewa. Mwenye gari anabadilisha oili kabla ya wakati, analalamika ulaji wa mafuta akiwa na vipimo visivyo sahihi, na siku ya kuuza anauza kilomita ambazo gari halikutembea. Hakuna duka lililosema huwaeleza wateja jambo hili.

Vipimo vingine vinawanufaisha mafundi. Premio na Allion zina nati 5 kwenye duara la milimita 100, Mark X ina 5 kwenye 114.3, na IST ya kwanza ina 4 kwenye 100. Rimu isiyokubali hulazimishwa kwa spesa au kwa kutobolewa upya. Inayotokeza nje kupita kiasi inakwangua fenda abiria wakijaa nyuma, na inaongeza mzigo kwenye beringi na boljointi. Ndiyo maana pembeni ya maduka ya rimu kumestawi biashara nyingine: kunyoosha rimu zilizopinda, kuchomelea zilizopasuka, kubadilisha shokapu na bushi. Fundi mmoja wa Magomeni anasema rimu za 18 na 19 ndizo zinazompa kazi nyingi baada ya mvua, wakati mwenye rimu ya inchi 15 humwona kwa pancha tu.

Matairi ya kasi nayo yana hesabu yake. Herufi W ubavuni inaruhusu hadi kilomita 270 kwa saa, V 240, H 210. Ukomo wa spidi kwenye maeneo ya makazi ni 50. Kinachostahili kulipiwa kwenye tairi zuri ni kushika barabara mvua inaponyesha na kusimama kwa umbali mfupi. Nacho kina gharama yake: tairi laini lenye alama ya uchakavu ya 200 huisha mapema kuliko la 500, na barabara za vumbi na kokoto haziliongezei siku. Namba ya uzito nayo haichezewi. Tairi la 91 linabeba kilo 615, la 95 kilo 690, na maduka huchanganya kama vile tofauti hiyo haipo.

Wapo maofisa wanaosema dawa ni kuzalisha nyumbani. Kiwanda cha matairi cha Arusha kilisimama zaidi ya miaka 10 iliyopita, mashamba ya mpira yapo Muheza na Kilombero, na ahadi ya kukifufua imesikika zaidi ya mara moja. Mfanyabiashara wa Kariakoo anasema ataiamini siku atakayoletewa ankara. Hata kikifufuka leo, hakuna hakika kwamba kitaanza na saizi za magari madogo, sembuse za rimu za 18.

Kwa sasa huenda bei za rimu zikatulia iwapo shilingi haitayumba, na huenda misako ikapunguza matairi yaliyozeeka. Huenda pia visitokee vyote viwili. Hivyo ulinzi wa mnunuzi unabaki mikononi mwake. Kwa gari la kutembelea kila siku, kupanda inchi moja kunatosha, mbili ni mwisho. Tenga fedha ya matairi manne mapya kwanza, kinachobaki ndicho cha rimu. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti saizi ya tairi na zile tarakimu nne za umri. Akikataa, nenda duka linalofuata.